Kuwadhuru Raia Vitani kwa Njia ya Kompyuta

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu, katika zama hizi pametokea namna ya kupigana isiyo na upanga wala bunduki. Mtu huketi chumbani mwake mbele ya kompyuta, akavuruga simu, umeme au hospitali ya mji ulio mbali naye. Baadhi ya vijana huliona hilo kuwa ni ushujaa, khasa wakiambiwa kwamba anayedhurika ni adui. Yatupasa tulipime jambo hili kwa mizani ya sheria.

Tarehe 12 Disemba 2023, katika vita vya Urusi na Ukraine, iliharibiwa mitambo ya Kyivstar, kampuni kubwa ya simu ya Ukraine. Serikali ya nchi hiyo ilisema kuwa waliofanya hayo ni majasusi wa jeshi la Urusi. Watu kama milioni 24 wakakatikiwa na mawasiliano, na katika baadhi ya sehemu ving'ora vya kuwatahadharisha watu na mabomu vikazuilika. Mama asiyesikia king'ora, na watoto wake wamo nyumbani, ana kosa gani?

Itifaki ya mwaka 1977, iliyoongezwa juu ya Mapatano ya Geneva ya 1949, na ambayo Kenya iliiridhia mwaka 1999, yawataka wapiganao wapambanue baina ya askari na raia, na baina ya vitu vya kijeshi na vitu vya raia. Wako wasemao kwamba humo hamkutajwa kompyuta. Hoja hii ni dhaifu. Sheria haikutazama chombo, imetazama kitendo na mwenye kudhurika. Aliyeua kwa sumu ni muuaji kama aliyeua kwa kisu.

Na sisi tuna ilimu hii tangu zamani. Ibn Umar amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuuawa wanawake na watoto vitani. Sayyidna Abubakar naye, alipopeleka jeshi Sham, alimuusia Yazid bin Abi Sufyan asiue mwanamke, mtoto wala mzee, wala asikate mti wenye matunda. Ikiwa mti umehifadhiwa, seuze umeme unaompa pumzi mgonjwa hospitalini?

Mtu atasema, "Adui ndiye aliyeanza." Mwenyezi Mungu ametukataza chuki ya watu isitutoe katika uadilifu. Na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ilipotoa kanuni nane mwaka 2023 kwa raia wanaojitia katika vita vya kompyuta, ilisema wazifuate hata kama adui hazifuati. Tena raia ajitiaye humo aweza kuipoteza hifadhi yake mwenyewe.

Hata sisi tumeonja kidogo. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuwa ndilo lililoivuruga eCitizen, likisema Kenya yaingilia mambo ya Sudan. Aliyetaabika ni mwenye kutaka pasipoti na msafiri mwenye kutaka tikiti ya treni, wala hao hawakuamua lolote juu ya Sudan.

Basi enyi wazee, waulizeni vijana wenu wafanyalo usiku mbele ya kompyuta, na muwafundishe kwamba dhulma haihalaliki kwa kuwa mdhulumiwa haonekani. Mwenyezi Mungu amuona. Twamuomba atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.