Urafiki wa Njiani

Je, mtu aondokaye kesho alfajiri aweza kuitwa rafiki? Wako wasemao: La, rafiki ni yule ajulikanaye ukoo wake, wa njiani ni mwenzi wa moto tu.

Na watazamwe wasukumao baisikeli zenye mizigo ya mawese na mchele katika njia za Kasongo, Kabambare na Salamabila. Jioni hukusanyika, wakala chungu kimoja. Asubuhi gurudumu la mmoja limevunjika. Wenzake hawamjui baba yake. Wakimngoja, soko litawapita. Hapo ndipo urafiki upimwapo, wala si wakati wa kula. Amsaidiaye ndugu hutumaini kusaidiwa naye kesho, wala si vibaya. Lakini amngojaye mgeni hutoa faida ya siku nzima kwa mtu ambaye labda hatamwona tena.

Soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, lilikusanya wageni wengi, hasa wanawake. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki waliingia humo. Livingstone, aliyekuwapo, alimwona mmoja wao akibishana bei ya kuku. Kisha bunduki zikalia. Wengi walikufa kwa risasi, wengi zaidi kwa maji ya mto. Wauaji wale walivunja pia agano ambalo hakuna aliyeliapa, lakini kila mama aliyebeba kikapu chake aliliamini.

Amwachaye mwenzake na gurudumu lililovunjika hajaua mtu, hata kidogo. Ila jioni atafika penye moto mwingine, nao watamsogezea chungu, wasijue wamemkaribisha nani.