Ufa Ulioachwa Makusudi

Wahenga walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa yupo aliyeuona ufa akanyamaza, ili apate pa kupenyea kwa mahasimu wake.

Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, liligundua kasoro katika Windows. Badala ya kuiarifu Microsoft, likaitengenezea silaha iliyoitwa EternalBlue, likaificha kwa miaka. Aprili 2017 kikundi kilichojiita Shadow Brokers kikaianika mtandaoni, kila mwenye nia mbaya akajichotea. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba kasoro hiyo mwezi Machi, lakini taasisi nyingi hazikuliweka.

Mwezi Mei kirusi cha WannaCry, kilichosambaa kwa EternalBlue, kikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza, miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa maelfu.

Tarehe 27 Juni kikaja kirusi kingine kilichotumia silaha hiyohiyo, NotPetya, ambacho Marekani na Uingereza zilisema kilitumwa na jeshi la Urusi. Kilianzia Ukraine, kimejificha ndani ya sasisho la M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi. Skrini zilidai malipo, lakini hata aliyelipa hakurudishiwa mafaili yake, kwani nia ilikuwa kuharibu. Kikavuka mipaka hadi Rosneft, kampuni ya mafuta ya Urusi yenyewe. Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, ililazimika kuweka upya programu katika kompyuta 45,000. Seva zake zilizotunza orodha ya watumiaji wa mtandao wake zilifutika kote duniani, ikasalimika moja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ikulu ya Marekani ilikadiria hasara ya dunia nzima kuwa dola bilioni 10.

Funzo la kwanza ni la serikali. Jeshi la adui na hospitali ya raia wako hutumia programu zilezile. Ukificha kasoro ili umpige adui, umewaacha wazi watu uliokula kiapo kuwalinda. Kasoro ikigunduliwa, mtengenezaji aambiwe.

La pili ni la kila ofisi. Weka sasisho mara linapotoka, na tunza nakala ya data mahali pasipounganishwa na mtandao. Maersk iliokolewa na bahati. Anayetunza kumbukumbu za wagonjwa au akiba za watu hana haki ya kungoja umeme ukatike ndipo apone.