MWAMBA HAUULINDI MJI ULIOGAWANYIKA

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika Suratul-Hajj, aya ya 46, Allah (SW) anawakemea wasiotembea katika ardhi wakapata nyoyo za kuzingatia. Anabainisha kuwa upofu wa hatari si wa macho, bali ni wa moyo. Kwa hiyo safari ya kutazama magofu si starehe tupu. Ni darsa.

Sisi wa Mawengi, tunaoishi katika milima ya Ludewa, tunajua faida ya kukaa juu: mgeni unamwona kabla hajabisha hodi. Tukizuru miji ya kale iliyojengwa juu ya miamba, ni rahisi kudhani kuwa wenyewe walikuwa salama. Hebu tuitazame miwili.

Wa kwanza uko hapa hapa nchini. Anayetoka Mawengi atapita Njombe, Songea na Tunduru hadi pwani, kisha atavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani. Huko, juu ya jabali linalotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14. Lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la maji lenye pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu sultani huyo kwa unyenyekevu na ukarimu. Anasimulia kuwa fakiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini, naye akampa.

Wa pili ni Ronda, kusini mwa Hispania, katika nchi iliyoitwa Andalus. Msafiri yule yule aliuzuru karibu mwaka 1350, akamkuta binamu yake ndiye kadhi. Mji huo uko ukingoni mwa korongo lenye kina cha mita 100 hivi, mto ukipita chini. Mgeni wa leo ataona hamamu ya Waislamu bado imesimama, na ndani ya kanisa kuu ataonyeshwa mabaki ya mihrabu.

Je, korongo lile liliwaokoa? Mwaka 1482 mwana wa mfalme wa Granada, Abu Abdillah, alimpokonya baba yake kiti. Mwaka uliofuata alitekwa na Wakristo, lakini Mfalme Ferdinand akamwachia arudi, kwa kuwa alijua baba na mwana wakiendelea kupigana kazi yake itakuwa nyepesi. Mei 1485 mizinga ikaipiga Ronda, njia ya kuteka maji mtoni ikakatwa, mji ukasalimu amri. Januari 1492 Granada nayo ikaanguka.

Miaka 20 baada ya Ronda, Julai 1505, Wareno wakaiteka na kuipora Kilwa. Hawakukuta mji wenye kauli moja. Amir Ibrahim alikuwa amekalia kiti ambacho wengine walisema si haki yake, na haikuwa vigumu kwa wavamizi kupata mtu wa kumtawalisha badala yake.

Hatusemi kwamba mizinga haikuwa na nguvu. Tunasema mizinga ilikuta ukuta umeshapasuka kwa ndani. Na haya tulishaonywa: Suratul-Anfal, aya ya 46, inatukataza kuzozana, tusije tukalegea na nguvu zetu zikapotea.

Sasa tujiulize sisi. Katika miji yetu ya nyanda za juu, kuanzia Makambako na Njombe hadi vijijini, Waislamu ni wachache. Itakuwaje basi msikiti mmoja wa mabati, wenye safu mbili za waumini, uwe na kamati mbili, kila moja na mhuri wake? Wazee wakigombea funguo na daftari la mapato, watoto wa madrasa wanamsubiri ustadhi ambaye hajalipwa. Kisha tunalaumu maadui wa nje!

Mtume (SAW) alipopita kwenye makazi ya Thamud, watu waliochonga nyumba majabalini wakajiona wamesalimika, aliwakataza masahaba wasiingie ila kwa kulia. Hilo ndilo somo la mwenye kuzuru magofu: ajililie nafsi yake kwanza.

Basi anayekusudia kwenda Kilwa na aende, awachukue na vijana wakaone kuwa historia ya Uislamu katika nchi hii ni yao pia. Ila kabla ya kufunga mzigo, ampe mkono ndugu aliyegombana naye msikitini. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kusuluhisha waliogombana kuna daraja kubwa kuliko swala, saumu na sadaka za sunna. Bila hilo, tutarudi na picha za magofu ya wenzetu huku tukiendelea kujenga ya kwetu.

Wabillahi tawfiq.