Damu ya Nani?

Mji wa Kale posa ikiletwa, swali la kwanza ni ukoo: huyu damu ya nani? Kemia haina habari na hilo. Wekundu wa damu watoka kwa himu, pete ya pofirini iliyoshika chuma katikati. Jani la mkoko pale Tudor lina pete ya jamii hiyohiyo, ila imeshika magnesiamu, ikawa kijani. Himu ya tajiri na ya hamali ni moja. Makundi ya damu yapo, lakini ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana, na mgeni akakufaa.

Wazee watasema ukoo ni malezi. Sawa, basi tuulize malezi. Maana ukiwa mahututi utapokea damu yake. Mbona mwanao umkataze kuolewa naye?