Malaika Alirudi Mara ya Pili

Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Elia alikuwa mkimbizi. Yezebeli ameapa kumuua, naye anavuka mpaka hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake. Analala chini ya mretemu akiomba afe. Sisi tuliopita njia za Kivu, Burundi na Tanganyika hatuhitaji kufafanuliwa habari hiyo.

Tazameni Mungu alivyofanya. Hakumhoji kwanza, wala hakumhubiria. Alimtumia mkate na maji. Elia akala, akalala tena. Mimi ni muuguzi, nami nawaambia: aliyechoka kiasi hicho humsaidii kwa maswali.

Hiyo ndiyo kazi ya shelta, yaani nyumba ya kulaza wasio na pa kulala. Hapa Durban tuliiona mwaka 2020, nchi ilipofungwa kwa ajili ya korona. Jiji liliwapeleka watu wa mitaani kwenye mahema na kumbi. Lakini waliozoea heroini, ile wanayoiita whoonga, wakaanza kutetemeka na kutapika, ikabidi wapewe methadoni. Paa lilipatikana, ndipo ugonjwa uliojificha ukaonekana.

Kwa hiyo malaika akarudi. Akamgusa Elia tena, akamlisha tena, kwa sababu njia iliyobaki ilikuwa ndefu: siku 40 hadi Horebu.

Hapa pa mara ya pili ndipo tunapochoka. Mgeni akifika tunakimbia na blanketi, wali na maombi. Wiki ya tatu hakuna anayejua yuko wapi. Na wenzetu huanguka taratibu: kibali kimekwisha muda, mwajiri anamwachisha kazi, kodi inakwama. Tunaishi familia mbili tatu katika fleti moja, pazia ndilo ukuta, na wa kwanza kutolewa ni kijana anayelala sebuleni. Shelta nyingi mjini hutoza kila usiku. Akikosa hela ya usiku wa nne, anarudi Albert Park. Kama ana kifua kikuu, dawa ni miezi 6. Mkoba ukiibiwa akiwa usingizini, dawa zimekwenda nao.

Kitanda bila mtu wa kumfuatilia hakitoshi. Mtu wa kumfuatilia bila kitanda, naye atamtafuta wapi?

Ndiyo maana tumewaomba wazee wa kanisa jambo hili: mfuko wa wahitaji umlipie mtu mmoja kitanda kwa miezi 3, badala ya kuwagawia wengi usiku mmoja mmoja. Apewe na watu wawili wa kutembea naye, mmoja kwa kliniki, mwingine kwa karatasi zake. Najua baadhi ya akina mama na akina baba watasema ni upendeleo. Hoja yao ni nzito, na haitoshi kujibu kwamba wengine waende Kituo cha Denis Hurley, karibu na Kanisa Kuu la Emmanuel, ingawa kule kuna chakula na kliniki. Hata hivyo naona afadhali mmoja afike Horebu.

Leo baada ya ibada tubaki tulijadili. Kwanza tunatafuta wale wawili, maana fedha za mwezi wa kwanza zipo.