Deni la Shule: Nani Anayedaiwa?



Kila mwaka, mitihani inapokaribia, jambo moja linarudi katika parokia zetu nyingi za Kongo. Asubuhi, kabla ya somo la kwanza, mtu anaingia darasani na orodha mkononi. Anasoma majina. Watoto waliotajwa wanakusanya madaftari yao na kutoka nje, wenzao wakiwatazama. Wazazi wao hawajamaliza kulipa minervali. Saa nne unawakuta sokoni ama kando ya barabara, katika nguo zao nyeupe na buluu, maana wanaogopa kupeleka habari hiyo nyumbani.

Je, jambo hili ni la haki? Watu wanajibu upesi. Wengine wanasema: «Shule ya wakristu haifukuzi maskini.» Wengine wanasema: «Asiyelipa asisome.» Majibu yote mawili ni mepesi mno. Tulichunguze jambo hili polepole.

Kwanza tujue deni lenyewe linatoka wapi. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, tena ni ya bure katika shule za Serkali. Neno hilo lilianza kutekelezwa mwezi wa Septemba 2019. Shule za msingi za Eklezya zinazofuata mapatano yaliyofanywa na Serkali mwaka 1977 zinahesabiwa pamoja na shule za Serkali, kwa hiyo neno hilo liliwafikia watoto wao pia. Lakini shule za watu binafsi hazikuingia katika mpango huo. Chaki, mabati, mshahara wa mwalimu na wa mlinzi, vyote vinatoka katika mfuko wa wazazi. Ninasema hasa juu ya shule hizo.

Tufanye hesabu ndogo. Shule ina wanafunzi 240 na walimu 8. Tuseme, ili hesabu iwe rahisi, kwamba minervali yote inakwenda kwa mishahara. Basi wanafunzi 30 wanamlipa mwalimu mmoja. Kama wazazi wa watoto 60 hawakulipa, walimu wawili hawana mshahara. Ama direkta anagawa upungufu huo kwa wote, na kila mwalimu anapata robo tatu tu ya haki yake. Na mwalimu huyo naye ni mzazi. Yeye pia anashindwa kulipia watoto wake katika shule nyingine. Hivi deni la mtu mmoja linatembea kutoka nyumba hata nyumba.

Sasa tuyaangalie Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24, ziko amri tatu zinazofuatana. Ya kwanza: anayedai asiingie katika nyumba ya mdeni ili kutwaa rehani, asimame nje. Na kama mdeni ni maskini, arudishiwe vazi lake kabla ya usiku, maana ndilo analojifunika. Ya pili: kibarua maskini apewe mshahara wake siku ile ile, jua lisitue bila kulipwa. Ya tatu: wana wasiuawe kwa ajili ya kosa la baba zao, kila mtu ahukumiwe kwa kosa lake mwenyewe.

Mnaona? Sheria ile ile inamlinda mdeni, na mfanyakazi, na mtoto. Sisi tunapenda kushika amri moja na kuziacha mbili. Mzazi anakumbuka ile ya kwanza, mwalimu anakumbuka ile ya pili, na ile ya tatu haina wa kuisema, kwa sababu mtoto hana sauti katika mkutano.

Tuanze basi na mtoto. Mapatano ya minervali yamefanywa na watu wazima wawili, mzazi na shule. Mtoto hakutia sahihi, wala hana feza. Kumtoa darasani ni kumfanya rehani. Labda direkta atasema: «Lakini tusipomrudisha mtoto, baba haji.» Ni kweli, pengine anakuja. Ila tazameni ni nani anayekuja. Mwenye feza asiyetaka kulipa analipa siku ile ile, na mwaka unaofuata anangojea tena orodha isomwe. Asiye na kitu hana la kuleta, na mtoto wake anakaa nyumbani wiki tatu. Kwa hiyo adhabu inampita mwenye kosa na kumpiga asiye na kosa.

Inafaa tutenge wadeni wa namna tatu: asiyeweza, anayechelewa, na asiyetaka. Mtakatifu Tomasi wa Akwino alifundisha kwamba mdeni asiyeweza kulipa mara moja anapaswa kumwomba mdai wake msamaha ama muda, yeye mwenyewe ama kwa kinywa cha mwingine. Umaskini si kosa, lakini kunyamaza na kujificha ni kosa. Mkulima anayengojea mahindi yake, na mtumishi wa Serkali ambaye mshahara wake umechelewa, waende kwa direkta kabla ya siku ya malipo, waandike pamoja mafungu na tarehe, na watie sahihi.

Asiyetaka ni mtu mwingine. Wahenga walisema: «Kukopa harusi, kulipa matanga.» Huyo aitwe yeye mwenyewe mbele ya komite ya wazazi. Aambiwe mapema, kwa barua, kwamba asipolipa, mwaka ujao shule haitamwandika mtoto wake. Najua, hata neno hilo litamgusa mtoto. Lakini mtoto atakuwa amemaliza mwaka wake, amefanya mitihani, naye atakwenda na buleti yake mkononi kutafuta nafasi katika shule nyingine. Kumkatia mwaka katikati, ama kuficha buleti yake, ni kumnyang'anya kazi aliyoifanya kwa jasho lake mwenyewe.

Na mwalimu je? Hapa wengi wenye moyo mwema wanakosea. Direkta anayesema «nimesamehe», kisha anapunguza mshahara wa mwalimu, amesamehe kwa feza ya mtu mwingine. Baba Mtakatifu Leo wa 13 alifundisha katika mwaka 1891 kwamba mshahara wa mfanyakazi unapaswa kutosha kumlisha vizuri, hata kama kwa shida yake amekubali kupokea kidogo. Basi huruma inahitaji mfuko wake. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi, uliomba shule za Eklezya ziwaangalie hasa wale walio maskini wa mali. Ombi hilo halikuelekezwa kwa mwalimu peke yake. Jumuiya zetu ndogo za kikristu zaweza kuweka sanduku kwa ajili ya watoto wa wajane na wa wagonjwa. Wakati wa mavuno shule yaweza kupokea mahindi, maharagwe ama matofali, kwa bei iliyopatanwa, na kutoa risiti.

Yako mambo madogo yanayozuia ugomvi mkubwa. Shule itangaze malipo yote mwezi wa Septemba, na isiongeze mengine katikati ya mwaka. Kila franka ipewe risiti. Barua ya deni iende kwa mzazi ndani ya bahasha iliyofungwa, wala jina lisisomwe mbele ya darasa.

Ndugu wazazi, msingojee orodha. Nendeni kwa direkta mkiwa mngali na kitu cha kusema, hata kama mkononi mna nusu tu. Nanyi wakubwa wa shule, mkiwa na neno juu ya deni, mwiteni baba ama mama, na mtoto mwacheni aendelee na hesabu zake.