Kila Nyumba Ina Mshirika

Ndugu zetu walioko Uingereza wakikutana, iwe harusini au kwenye hitima, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye nyumba. Nani kanunua, wapi, kwa bei gani, na kwa njia ipi. Hiyo njia ndiyo inayoleta ubishi. Katika ukoo wetu kuna kambi mbili, na kila kambi ina yakini kwamba wenzao wameingia mkenge.

Kambi ya kwanza ni ya mpwa wangu na mkewe. Walichukua nyumba mpya karibu na Milton Keynes kupitia mpango wa serikali ulioitwa Help to Buy, ulioanza England mwaka 2013 na kufungwa 2023. Mnunuzi alianza na asilimia 5 ya bei, serikali ikaweka hadi asilimia 20, zilizobaki akakopa benki. Kwa London sehemu ya serikali iliweza kufika asilimia 40 kuanzia 2016. Sharti nyumba iwe mpya. Kwa nyumba ya pauni 200,000, basi, mnunuzi alitoa 10,000, serikali 40,000, benki 150,000. Miaka 5 ya mwanzo fungu la serikali halitozwi kitu. Mwaka wa 6 ada inaanza, asilimia 1.75, ambayo hapa ni pauni 700 kwa mwaka, na kila mwaka inapanda kufuata mfumuko wa bei na ziada juu yake. Ada hiyo haipunguzi hata peni moja ya deni lenyewe.

Na deni lenyewe halikai mahali pamoja. Serikali inadai moja ya tano ya nyumba kwa thamani yake ya siku ya kulipa. Nyumba ikifika 250,000, inadai 50,000. Ikishuka hadi 180,000, inadai 36,000. Hapa nitaisemea haki yake, maana wengi huiona nusu tu ya hesabu, ile ya kupanda. Benki haikupunguzii shilingi kwa sababu soko limeanguka. Mshirika anayekula hasara pamoja nawe ana uungwana fulani, na wanaozijua kanuni za musharaka, ule ushirika wa kugawana faida na hasara, hawatamwona mgeni kabisa.

Kambi ya pili ni ya binti wa ami yangu na mumewe, ambao hawakutaka riba ikanyage kizingiti chao. Walikwenda Stoke-on-Trent, mji wa wafinyanzi, ambako nyumba za zamani za wafanyakazi bado ni nafuu, wakalipa taslimu nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa na majirani kushoto na kulia. Bafu lilikuwa la kijani cha parachichi, mtindo wa miaka ya 1970, na sakafu yake ilitandikwa zulia. Naam, zulia, bafuni. Shemeji alipoanza kubandua karatasi za ukutani sebuleni, chini yake alikuta nyingine yenye maua ya hudhurungi, na chini ya hiyo nyingine tena, mpaka plasta nayo ikaanza kumfuata mkononi. Walipovuta kabati la chumbani, ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa kuvu. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na wao walilala ndani tangu siku ya kwanza, wamevaa makoti. Wameitengeneza chumba kwa chumba, kwa kadiri mshahara ulivyoruhusu.

"Mjomba, wale wamenunua kazi, hawakununua nyumba," mpwa wangu huniambia. Bibi wa Stoke naye hujibu kwamba afadhali kazi yako kuliko kuwa mpangaji wa serikali mwenye majivuno.

Kila mmoja ana hoja. Ripoti ya mwaka 2019 ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilieleza kwamba takriban watatu kati ya kila wanunuzi watano wa mpango ule wangeweza kununua nyumba hata bila msaada huo. Si kwamba walidanganya; mpango uliwawezesha kupata kubwa zaidi, au bora zaidi, au kuipata mapema. Hapo suala linatoka kwenye hesabu na kuingia kwenye tabia. Wengi wetu hatuna tatizo la kukosa nyumba. Tuna tatizo la kukosa ile tuliyoiona kwa mwenzetu.

Lakini sifa ambayo kambi ya Stoke inajipa, ya "chetu wenyewe, hatudaiwi na mtu," nayo ina tundu. Zile taslimu zilitoka wapi? Sehemu ni akiba ya miaka mingi ya kubana matumizi. Sehemu ni zamu yao ya chama. Na sehemu ni fedha za kaka yake mke, aliyeuza kiwanja chake Kisauni, Mombasa. Alipoulizwa ni mkopo, zawadi au ushirika, alisema, "Chukueni tu, sisi ni wamoja." Hakuna karatasi iliyoandikwa. Miaka ikapita, mtoto wake akapata nafasi ya chuo huko Uingereza. Hakuomba chumba. Alishuka na sanduku lake, akapanda nalo moja kwa moja ghorofani. Wenyeji wakakunja uso, lakini kijana hakukosea sana: kiwanja cha baba yake kimo ndani ya kuta zile. Hakuna anayejua ni kiasi gani.

Sisi wa Mombasa hatukupaswa kushangaa. Kwetu nyumba ya mtu mmoja ni adimu kuliko tunavyojisifu. Mitaa kama Majengo imejaa nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, unaweza kuziuza na kuzirithisha, ila udongo ulio chini ni wa mwingine, na kodi yake hulipwa. Kisha kuna nyumba za mirathi. Mjane ana thumni yake, mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, na paa linavuja kwa sababu kila mrithi anangoja mwenzake atoe fedha za mabati. Ushirika wa nyumba tunaujua vizuri. Tusichokipenda ni kuutaja.

Ukiniuliza mimi, mwenye uwezo na mwenye subira achukue nyumba kuukuu. Ila zake utazijua ukilala ndani, na utazitengeneza kwa mwendo wako. Ukiwa na fungu la serikali, mabadiliko makubwa yanataka idhini, na ukitaka kulipunguza unamlipa mthamini kwanza, ripoti yake inadumu miezi 3, na chini ya asilimia 10 ya thamani ya nyumba hupokelewi. Mwenye mwili uliochoka au watoto wenye pumu hakuwa na sababu ya kuona haya kuchagua nyumba kavu yenye mshirika, mpango ulipokuwa wazi. Alimradi aliujua mwaka wa 6 kabla haujafika.

Lakini mtu achague njia yoyote, aige jambo moja kwa Waingereza: wameandika. Mpwa wangu anaweza kulalamika juu ya mshirika wake, ila anajua anadaiwa moja ya tano, anajua lini na kwa kipimo gani. Binti wa ami hajui anadaiwa nini na kaka yake, na kaka hajui anadai nini, na watoto wao watajua hata kidogo zaidi. Ajabu ni kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ile ya Sura al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, nasi tunaisoma kwa sauti nzuri kisha tunapeana fedha za viwanja kwa neno la "tutaonana."

Karatasi moja, saini mbili, mashahidi wawili. Kama ni zawadi iandikwe zawadi. Kama ni fungu, liandikwe fungu. Ndugu anayekubali kuandikiana hajapunguza udugu. Anayesema "mambo ya kuandikiana ni ya kizungu" ndiye wa kuandikiana naye mapema zaidi.